Tuisheni ya kawaida au mwalimu maalumu? Kumchagulia msaada mtoto mwenye disleksia

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, au akianza kushuku mwenyewe, wazo la kwanza huwa ni kumtafutia mwalimu. Hapo anakutana na mengi kwa mpigo: tuisheni ya jioni kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu anayekuja nyumbani, masomo ya Zoom, programu za kwenye tableti, hata shule maalumu za mbali. Bei zinapishana mno, na kila upande unaahidi kwamba mtoto atasoma. Naandika kwa ajili ya mzazi wa Tanzania na Kenya aliyefika hapo, kwa sababu kwetu tuisheni imekuwa sehemu ya malezi, na mtoto akishuka kidogo darasani anaongezewa saa za masomo kabla hata hajaulizwa kinachomsumbua.

Msimamo wangu niuseme mapema. Angalia kwanza kinachofanyika ndani ya kipindi, kisha angalia kinafanyika mara ngapi kwa wiki. Cheti cha mwalimu na ukubwa wa ada vije baadaye. Nasema pia kwamba tuisheni ya kawaida, ile ambayo wengi wetu huianza kwa kuwa iko jirani na ni nafuu, ndiyo inayomsaidia mtoto huyu kwa uchache zaidi.

Kabla ya kulinganisha, jua tatizo liko wapi

Disleksia ni ugumu wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zake. Haitokani na uvivu wala upungufu wa akili, na mara nyingi inatembea katika ukoo: ukiuliza vizuri utasikia kuna baba mdogo au bibi ambaye "shule ilimshinda" ilhali biashara aliiweza vizuri kabisa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili ina tabia ya kujificha. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kufika darasa la tatu akisoma maneno kwa usahihi, ila polepole kupita kiasi. Mwalimu mwenye watoto tisini anasikia sentensi imesomwa, anapita kwa mwingine. Haoni kwamba mtoto alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Kiingereza ndicho kinachomfichua, kwa sababu though, tough na through zinafanana kwa macho na kila moja inasomwa kivyake. Ndiyo maana wazazi wengi hushtuka mtoto anapohamishiwa shule ya Kiingereza, wakadhani shule mpya ndiyo iliyomharibu.

Kuna majaribio mawili unayoweza kuyafanya nyumbani. La kwanza, mwandikie maneno ya kubuni yasiyo na maana: lopiku, mbwisa, ng'atefo. Mtoto aliyekariri kitabu cha darasani, na wako wengi wanaokisema chote huku macho yako dirishani, hapa hana cha kukumbuka. Itabidi asome herufi kwa herufi, nawe utaona anakwama wapi.

La pili ndilo ninalolitegemea zaidi. Chukua hadithi mbili fupi za kiwango kimoja. Moja asome mwenyewe, nyingine msomee wewe, na baada ya kila moja muulize maswali matano. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa ufahamu kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwa hiyo:

Akijibu vizuri anaposomewa, akashindwa anaposoma mwenyewe, tatizo liko kwenye kutambua maneno. Huyu ndiye mtoto wa mwalimu maalumu.

Akishindwa kote kuwili kwa Kiswahili, angalia mambo mengine kwanza: masikio, umakini, msamiati, au kwamba nyumbani kunazungumzwa Kisukuma au Kikamba na Kiswahili chenyewe bado ni kigeni kwake.

Akiwa sawa kote kwa Kiswahili, akateseka kote kwa Kiingereza, huenda hana disleksia hata kidogo. Hajajifunza Kiingereza. Tuisheni nzuri ya lugha itamtosha, tena kwa gharama ndogo.

Na kabla ya kumlipa mwalimu yeyote, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio. Kuna watoto wanaolipiwa masomo ya ziada muda mrefu, kumbe hawauoni ubao.

Vipindi viwili vya saa moja

Mchukue mvulana wa darasa la tatu. Saa kumi jioni yuko kwenye tuisheni ya kawaida, wenzake ishirini wakiwa wamebanana kwenye mabenchi. Mwalimu anaandika ubaoni maswali ya mitihani iliyopita, wanafunzi wananakili na kujibu. Wenzake wakiwa swali la nne, yeye bado ananakili mstari wa pili, herufi moja moja, akiinua kichwa na kukishusha. Mwishowe anachungulia daftari la jirani. Anarudi nyumbani na kurasa mbili zilizojaa, mama anafurahi kuona kazi imefanyika, lakini ukimwambia asome alichoandika hawezi. Amepewa kwa saa moja zaidi kilekile kilichomshinda mchana kutwa.

Mweke mtoto huyohuyo kwa mwalimu anayejua kazi ya disleksia. Dakika za kwanza ni kadi za silabi za wiki iliyopita: nga, ng'a, nya, nywa. Anayekosea anarekebishwa papo hapo, bila kelele. Kisha inakuja sauti moja mpya, moja tu, tuseme mbw. Mtoto anaitamka akisikiliza midomo yake inavyofanya, anaiandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku akiitaja, halafu anaikuta ndani ya maneno: mbwa, mbweha, mbwembwe. Anaandikishwa imla ya maneno hayohayo. Baadaye anasoma kifungu kifupi ambacho hakina sauti hata moja asiyokwisha kufundishwa.

Mwisho kuna neno refu. Mwalimu ameliandika kwenye kipande cha karatasi: tulipowaona. Analikunja mahali linapoungana, tu, li, po, wa, ona, na kumwuliza kila kipande kinasema nini. Kisha anabadilisha kipande cha kwanza tu: nilipowaona, walipowaona. Kwa mtoto anayesoma Kiswahili hili ni jambo kubwa, kwa sababu ugumu wake mkubwa uko kwenye vitenzi vyetu virefu, na vitenzi hivyo vimejengwa kwa vipande vilevile vinavyorudi kila ukurasa. Akivijua vipande, neno la herufi kumi na moja linakuwa kama ushanga: anahesabu punje moja baada ya nyingine bila hofu.

Tofauti za vipindi hivyo viwili ni hizi:

| | Tuisheni ya kawaida | Mwalimu maalumu |
|---|---|---|
| Anaanzia wapi | Mada iliyofikiwa darasani | Pale mtoto alipokwama, hata kama ni silabi za darasa la kwanza |
| Kosa likitokea | Alama ya mkasi kwenye daftari | Linarekebishwa palepale na kurudiwa kipindi kijacho |
| Unapimaje maendeleo | Alama za mtihani | Maneno sahihi kwa dakika, na imla |
| Inamfaa nani | Aliyekosa masomo, anayehitaji hisabati au lugha | Anayeelewa akisomewa, akashindwa kusoma |

Sitaki kuwaonea walimu wa tuisheni. Kuna mama wa darasa la kwanza ambao wamefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) miaka mingi, wanaijua njia ya silabi kwa vidole vyao, nao wakipewa mtoto mmoja au wawili badala ya ishirini watafanya kazi safi kuliko mwenye cheti aliyejifunza jambo jingine. Maana diploma ya elimu maalumu peke yake haikuambii kwamba mtu anaijua disleksia. Wengi waliotoka vyuoni, hata chuo chenye sifa kama Patandi cha Arusha, walibobea katika kuwafundisha viziwi, wasioona au wenye ulemavu wa akili. Hizo ni kazi nyingine kabisa. Muulize mwalimu moja kwa moja: kipindi chako cha kwanza na mtoto wangu utafanya nini? Akianza kukueleza atakavyompima sauti, silabi na imla, endelea kumsikiliza. Akikwambia atamsaidia kumaliza kazi za shule, hiyo ni tuisheni ya kawaida kwa bei ya juu.

Jina utakalolisikia mara nyingi ni Orton-Gillingham, njia iliyoanzia Marekani kutokana na kazi ya Samuel Orton, daktari wa mishipa ya fahamu, na mwalimu Anna Gillingham katika miaka ya 1930. Misingi yake ni mizuri: mpangilio, hatua ndogondogo, kutumia macho, masikio na mikono kwa pamoja. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2021 yalikuta mafanikio yake ni madogo, na ushahidi haukutosha kuyathibitisha kitakwimu. Kwa hiyo jina hilo kwenye tangazo lisikufanye ulipe mara mbili. Kilicho na ushahidi mpana zaidi ni ufundishaji wa sauti na herufi kwa utaratibu na kwa uwazi, jambo ambalo jopo la kitaifa la Marekani kuhusu kusoma lililisisitiza tangu mwaka 2000. Mwalimu anaweza kulifanya hilo vizuri bila jina lolote la kigeni.

Peke yake, au watatu pamoja?

Wazazi wengi wanaamini kwamba msaada wa kweli lazima uwe wa mtoto mmoja na mwalimu mmoja. Ni imani ya gharama. Mwaka 2003 Sharon Vaughn na wenzake huko Texas waliwafundisha watoto wa darasa la pili waliokuwa nyuma katika kusoma, wengine mmoja mmoja, wengine watatu watatu, wengine kumi kumi. Makundi ya watatu yalikwenda karibu sawa na mmoja mmoja, na yote mawili yaliwapita wale wa kumi.

Kwetu hii ni habari njema kuliko zote. Fanya hesabu kwa bei za mfano, kisha weka za mtaani kwako. Tuseme kipindi kimoja cha mwalimu maalumu ni shilingi 20,000 za Tanzania, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Hiyo ni 720,000, fedha ambayo kwa familia nyingi haipo. Wakikutana wazazi watatu wenye watoto wa kiwango kimoja, kila mmoja analipa 240,000. Muhimu ni hayo maneno ya kiwango kimoja. Ukimchanganya wa silabi na anayesoma aya, mmoja wao analipia kukaa tu.

Mmoja mmoja nauchagua pale mtoto ameumizwa na aibu kiasi kwamba hafungui mdomo mbele ya wenzake, au ana jambo lingine pamoja na disleksia, kama ugumu wa kutulia. Zaidi ya hapo, watatu wanatosha, na nimeona watoto wakipata nguvu kwa kugundua tu kwamba hawako peke yao.

Kuhusu idadi ya vipindi siyumbi. Mara moja kwa wiki ni kidogo mno. Siku sita zinapita, na alichokipata Jumamosi kimeshapotea. Ukiwa na fedha ya vipindi thelathini, vitumie mara tatu kwa wiki kwa muhula mmoja kuliko kuvinyunyiza mwaka mzima.

Simu, tableti na masomo ya mbali

Masomo kwa video yanafaa pale ambapo mwalimu anayejua kazi yuko Nairobi nawe uko Mtwara. Yanahitaji mtu mzima akae na mtoto, ashike kadi, aangalie anavyoandika. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, bila mtu huyo, dakika ishirini zinatosha kabla hajapotea.

Programu za tableti zina rekodi nzuri na ya kwetu. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji vya mkoa wa Tanga, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kujifundisha kusoma. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo lilikuwa limepungua kwa nusu. Zawadi ikagawanywa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School, na programu zilizoshindana zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Ni mafanikio makubwa, na mimi nayaheshimu. Lakini tazama upande wa pili: ile nusu nyingine bado haikuweza kusoma neno. Wale walikuwa watoto waliokosa shule, hawakuchaguliwa kwa sababu ya disleksia, na mwenye disleksia ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumrekebisha. Mimi huiweka programu kama mazoezi ya dakika kumi na tano kwa siku ambazo hakuna kipindi. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana: haichoki kurudia, wala haimkasirikii mtoto.

Kuna vitu vya kuepuka kabisa. Miwani ya rangi na mazoezi ya macho yanayouzwa kama tiba ya disleksia: mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kuyaunga mkono. Dawa ya disleksia haipo, iwe ya kidonge au ya mitishamba.

Usingoje cheti, ila weka kipimo

Vipimo rasmi vya mwanasaikolojia ni adimu na ni ghali. Kenya kuna njia ya serikali kupitia vituo vya tathmini na nyenzo za elimu (EARC) katika kaunti, na kituo cha tathmini cha KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, kule Kasarani, Nairobi. Karatasi hiyo ina kazi yake, hasa shule inapotakiwa kuomba nafuu ya mtihani kama muda wa nyongeza. Kuanza kumfundisha hakuhitaji karatasi. Watafiti wakiongozwa na Maureen Lovett wa Toronto walionyesha mwaka 2017 kwamba watoto waliosaidiwa darasa la kwanza na la pili walipiga hatua karibu mara mbili ya waliosubiri hadi la tatu. Neno "ngoja, atakua" limewagharimu watoto wengi.

Mpe mwalimu maalumu wiki 12. Siku ya kwanza hesabu maneno anayoyasoma kwa usahihi ndani ya dakika moja kwenye kifungu kipya, na mwandikishe imla ya maneno kumi. Rudia kila baada ya wiki mbili kwa vifungu vya kiwango kilekile, na uandike namba kwenye daftari moja. Usitegemee alama za shule zipande katika muda huo. Shuleni wanamsomesha mambo ya mbele wakati yeye anajenga ya nyuma. Tegemea namba zako. Tegemea pia dalili ndogo: anasoma bango la daladala bila kuulizwa, anamwandikia shangazi ujumbe.

Namba zisiposogea hata kidogo hadi wiki ya sita, zungumza na mwalimu bila kungoja ya 12. Mara nyingi sababu ni kwamba alianzia juu mno kwa kuhurumia umri wa mtoto. Mvulana wa miaka kumi anaona haya kurudishwa kwenye ba be bi bo bu, na mwalimu naye anaona haya kumrudisha. Kinachohitajika ni silabi hizohizo ndani ya maneno ya rika lake: mpira, pikipiki, majina ya wachezaji anaowapenda. Mwalimu asiyekubali kurudi chini, au asiyetaka kuonyesha namba, mshukuru na umwache.

Akishavuka shule ya msingi

Hapa mizani inabadilika, na matangazo mengi hayasemi hivyo. Kijana wa kidato cha kwanza wa Tanzania aliyefaulu akisoma polepole kwa Kiswahili sasa anafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Anahitaji bado vipindi vya sauti na tahajia za Kiingereza, kwa sababu huenda hakuna aliyewahi kumweleza kwamba tion mwishoni mwa neno mara nyingi husomwa vilevile. Lakini vipindi hivyo peke yake havimfikishi mwisho wa muhula, maana biolojia na historia hazimsubiri.

Kwa kijana huyu, gawanya fedha. Sehemu moja iende kwa mwalimu maalumu, mara mbili kwa wiki, kwa kazi ya maneno tu. Nyingine iende kwa tuisheni ya somo, ila kwa mwalimu aliyekubali masharti matatu: aeleze kwa mdomo kabla ya kuandika, ampe nakala iliyochapwa badala ya kumwachia ubao anakili, na amruhusu kujibu baadhi ya maswali kwa kusema. Simu yake iwekewe programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na mzazi aende shuleni mapema, mwanzoni mwa mwaka, kuuliza taratibu za watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Maombi hayo hupitia shuleni, na mkuu wa shule asipojua habari za mtoto huyu hatamwombea chochote.